Garasa Naye Acheze

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)



Wiki hii nimeziweka kando habari za bei, za barabara na za foleni, ili tuzungumze juu ya kitabu cha watoto. Najua wapo watakaosema kwamba mtu mzima mwenye ndevu na madeni amekosa kazi, ndiyo maana anasoma kitabu kilichojaa vikatuni. Hao nawaomba wavumilie kidogo. Jambo lililomo ndani ya kitabu hicho linatendeka kila jioni katika viwanja vya shule zetu, na wengi wetu lilitukuta sisi wenyewe kabla ya kuota hizo ndevu.

Kitabu chenyewe ni cha Kimarekani. Kinaitwa Big Shot. Kilitoka mwezi Oktoba mwaka 2021, na ni cha 16 katika mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, yaani shajara ya mtoto goigoi. Mwandishi wake anaitwa Jeff Kinney. Mfululizo huu ulianza kuchapishwa mwaka 2007, na nakala zilizouzwa duniani zimekwisha kupita milioni 250. Hizo si nakala za kitabu cha dini wala cha kufundishia hesabu. Ni nakala za mkasa wa mtoto mmoja mwembamba, mvivu, mwenye nywele tatu kichwani, ambaye hakuna jambo analolifanya likaenda sawa.

Mtoto huyo ni Greg Heffley. Kurasa za kitabu zimepigwa mistari kama daftari la shule, maandishi yanafanana na mwandiko wa mkono, na kila baada ya sentensi mbili tatu unakuta mchoro. Greg mwenyewe ndiye anayesimulia. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu Greg ni msimulizi asiyejijua. Anajiona ana akili kuliko wote, wakati wewe msomaji unaona wazi kwamba yeye ndiye aliyekosea. Kila balaa likimfika, lawama ni za kaka yake Rodrick, au za mdogo wake Manny, au za rafiki yake Rowley. Watu wa namna hiyo sote tunawafahamu, na wengine tunafanya nao kazi ofisi moja.

Sasa katika kitabu hiki cha 16, Greg anapambana na michezo. Shuleni kwao kunafanyika siku ya michezo, na kwake siku hiyo inakuwa ya aibu tupu. Anaamua kwamba yeye na michezo basi, kila mtu ashike njia yake. Lakini mama yake hakubali. Mama anamsihi ajaribu tena mara moja tu. Greg, kwa shingo upande, anajiandikisha katika mpira wa kikapu. Anakwenda kwenye mchujo, anavurunda, anarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba hatachaguliwa. Moyoni anafurahi kwamba mambo yamekwisha. Kumbe hayajakwisha. Anachukuliwa, lakini katika timu iliyo mbovu kuliko zote.

Yatakayotokea baada ya hapo sitayasimulia, kwani kumsimulia mtu mwisho wa kitabu ni sawa na kumlia mgeni nyama akaachiwa mchuzi. Niseme tu kwamba msimu unaanza, timu ya Greg haionyeshi dalili ya kushinda hata mechi moja, na siku inafika ambapo kila kitu kinategemea mpira ulio mikononi mwa mtu ambaye usingependa uwe mikononi mwake. Jina la kitabu nalo lina mchezo ndani yake. Kwa Kiingereza maneno yale mawili yanaweza kuwa shuti kubwa, na yanaweza pia kuwa kigogo, mtu mzito. Greg angependa sana kuwa huyo wa pili. Tatizo ni lile la kwanza.

Hii si mara yake ya kwanza kuonja michezo. Katika kitabu cha pili aliandikishwa kwenye kuogelea, na maji yalipokuwa ya baridi akaenda kujificha msalani. Katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 2009, baba yake alitaka awe mkakamavu, akaingizwa kwenye mpira wa miguu na akaishia kuwekwa golini. Mpira ulipokuja kutikisa nyavu, kipa alikuwa ameshughulika na maua ya magugu yaliyoota uwanjani. Ndugu msikilizaji, kama umewahi kusimama pembeni mwa uwanja wa shule ya msingi, kipa wa namna hiyo umemwona. Anatazama kunguru, anahesabu vidole, huku wenzake wanapiga kelele, "Wewe, mpira huo!"

Tunacheka, na tuna haki ya kucheka, maana kitabu kimeandikwa ili tucheke. Lakini kicheko kizuri hupita na kitu chini yake, kama mto unavyopita na mchanga. Kitu kilicho chini ya kicheko hiki ni aibu ya mtoto.

Kila aliyepita shule anaukumbuka ule utaratibu wa kugawana timu. Manahodha wawili wanasimama mbele, wengine wote wanapangwa mstari mmoja. Huyu anachagua mmoja, yule anachagua mmoja. Wenye chenga wanakwenda kwanza. Wenye mbio wanafuata. Mwenye mpira naye huchaguliwa mapema hata kama hajui kuupiga, kwa sababu akinuna ataondoka nao. Mstari unapungua, unapungua, mpaka anabaki mmoja. Manahodha wanatazamana. "Basi huyo mchukueni nyie." "Aa, chukueni nyie, sisi tumetosha." Yule mtoto yupo pale pale, masikio anayo, na anasikia kila neno. Mwisho wa yote anaambiwa ashike mashati na ndala za wenzake, asije akazipoteza.

Mtoto akikosa hesabu darasani, alama nyekundu ziko ndani ya daftari lake. Anaweza kulifunga. Anaweza kuliweka chini ya begi, na akifika nyumbani akasema mwalimu hajasahihisha. Mtoto anayekosa mpira hana daftari la kufunga. Ameanguka mbele ya shule nzima, mbele ya wasichana, mbele ya muuza barafu. Kosa lake halisahihishwi kwa kalamu bali kwa kicheko. Na kesho yake akifika shuleni anakuta amepewa jina jipya.

Mitaani kwetu tuna neno la mchezaji wa namna hiyo. Tunamwita garasa. Neno limetoka kwenye karata, ambako garasa ni karata isiyo na thamani, ya kutupwa. Mtu mzima, mchezaji wa kulipwa, akiitwa garasa na washabiki, angalau ana mshahara wa kumfariji. Mtoto wa miaka tisa anafarijiwa na nini?

Wakubwa wengi tukiulizwa swali hilo tunakimbilia hadithi moja. Tunasema, "Mwanangu, usikate tamaa. Hata Michael Jordan aliachwa." Ni kweli. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa sekondari huko Wilmington katika jimbo la North Carolina, Jordan hakuingia katika timu kubwa ya shule yake, akapelekwa timu ndogo. Baadaye akawa Jordan ambaye dunia nzima inamjua. Hadithi hii ni nzuri, na katika kumtia mtu moyo inasaidia. Lakini ina kasoro moja kubwa. Inamwambia mtoto kwamba kuachwa kwake si kitu kwa sababu siku moja atakuwa bingwa. Mtoto si mjinga. Anajitazama miguu, anawatazama wenzake, anapiga hesabu, kisha anajiuliza swali ambalo hatuna jibu lake: na nisipokuwa bingwa je?

Hapo ndipo ninapomsifu Jeff Kinney. Greg hageuki Jordan. Vitabu vimekwenda vingi na mtoto bado ni goigoi yule yule, hajaota misuli wala hajapata mbinu ya siri kutoka kwa mzee wa kijiji. Katika hadithi nyingi za michezo wanazosomewa watoto, timu mbovu hupata kocha mkali, hufanya mazoezi alfajiri, na katika dakika ya mwisho huibeba kombe. Kinney anaujua mtindo huo na anauchezea, anatutega tuusubiri. Kitu anachokisema ni kidogo zaidi, na kwa maoni yangu ni cha kweli zaidi. Anasema kwamba mtoto asiyejua kucheza naye ni mtu, maisha yake yanafaa kusimuliwa, na anaweza kuwa ndiye mtu wa kuchekesha kuliko wote uwanjani.

Pengine mwandishi anayajua haya kwa sababu naye aliwahi kubaki kwenye ule mstari. Alipomaliza chuo kikuu huko Maryland, ambako alikuwa akichora vibonzo vya gazeti la wanafunzi, nia yake ilikuwa kuwa mchora vibonzo vya magazeti ya kila siku. Alipeleka kazi zake, zikakataliwa. Mwaka 1998 akaanza kubuni habari za Greg, na miaka mingi akawa anaziandika akiamini kwamba zitasomwa na watu wazima wanaokumbuka utoto wao. Mwaka 2004 zikaanza kutolewa kwenye intaneti. Alipompata mchapishaji ndipo alipoambiwa kwamba hicho alichokiandika ni kitabu cha watoto. Yaani hata lengo lake mwenyewe alilikosa, na shuti likaingia goli jingine.

Sasa tuutazame mchezo wenyewe aliochaguliwa Greg, maana mpira wa kikapu una historia ambayo kila mwalimu wa michezo angefaa kuijua. Kinney anaishi katika jimbo la Massachusetts, ambako amefungua duka la vitabu katika mji mdogo wa Plainville. Katika jimbo hilo hilo, kwenye mji wa Springfield, mwezi Desemba mwaka 1891, ndiko mchezo huo ulikobuniwa. Aliyeubuni ni mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, aliyekuwa akifundisha chuo cha YMCA. Wakati huo wa baridi kali vijana hawakuweza kucheza nje, na mazoezi ya ndani yaliwachosha kwa kuwa yalikuwa yale yale kila siku. Mkuu wake akampa wiki mbili atafute mchezo wa kuwatuliza wanafunzi 18 waliokuwa wakorofi.

Naismith alifikiri hivi. Michezo mingi huumiza watu kwa sababu mtu anakimbia na mpira na wengine wanamrukia. Basi mwenye mpira asiruhusiwe kukimbia nao. Tena, goli likiwa chini mtu atapiga kwa nguvu. Basi goli liwekwe juu, ili mpira urushwe kwa utaratibu, upande na kushuka, nguvu nyingi zisisaidie. Akatafuta masanduku, akapata vikapu viwili vya kubebea matunda. Akavipigilia misumari kwenye ukingo wa roshani, na ukingo huo ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni. Ndiyo maana mpaka leo, katika kila uwanja duniani, kikapu kiko futi 10. Akaandika kanuni 13, akawagawa vijana tisa kwa tisa, na mchezo ukaanza. Mechi hiyo ya kwanza iliisha kwa bao moja kwa sifuri. Mpira wenyewe ulikuwa wa miguu, na ukiingia kapuni ilibidi mtu apande akautoe.

Ndugu msikilizaji, zingatia hapo. Mchezo huu, ambao leo una majitu marefu na mishahara ya kutisha, ulitungwa kwa ajili ya darasa. Hapakuwa na mchujo. Waliokuwa darasani walikuwa 18 na waliocheza walikuwa 18. Hakuna aliyeshika mashati.

Kuna jambo jingine. Baadaye Naismith alihamia Chuo Kikuu cha Kansas na akawa kocha wa kwanza wa mpira wa kikapu hapo, kuanzia mwaka 1898 hadi mwaka 1907. Alishinda mechi 55 na kufungwa 60. Chuo hicho ni miongoni mwa vyuo vyenye jina kubwa sana katika mchezo huo, kimepita makocha wengi mashuhuri, na katika wote ni Naismith peke yake aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mtu aliyeutunga mchezo! Mtoto wako akirudi nyumbani kichwa chini kwa sababu wamefungwa, msimulie habari hizi. Zitamfaa kuliko za Jordan.

Huko Marekani mambo yamebadilika tangu siku za vikapu vya matunda, na kicheko cha Kinney kina mwiba kwa sababu hiyo. Michezo ya watoto imekuwa shughuli kubwa. Kuna michujo ya watoto wadogo, kuna timu za kusafiri mji hadi mji, kuna ada, kuna wazazi wanaomfokea refa ambaye naye ni kijana tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na taasisi ya Aspen ya huko ulionyesha kwamba mtoto wa kawaida hucheza mchezo fulani kwa muda usiofika miaka mitatu, na huuacha kabla hajavuka miaka 11. Sababu inayotajwa zaidi si kuumia wala masomo. Ni kwamba mchezo umekoma kumfurahisha. Fikiria mchezo usiofurahisha. Ni kama sukari isiyo tamu. Ya nini kuiweka kwenye chai?

Mwaka huo huo wa 2019 ulichapishwa utafiti mwingine, wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, uliokusanya habari za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146. Shirika hilo linashauri kwamba kijana wa miaka 11 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa wastani wa saa moja kila siku. Takwimu za mwaka 2016 zilionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 hawafikii kipimo hicho. Kwa wavulana walikuwa 78, kwa wasichana 85. Nchi hizo 146 ni tajiri na maskini kwa pamoja, kwa hiyo tusijidanganye kwamba hayo ni maradhi ya wenye televisheni kubwa.

Sitaki kusema kwamba vijana wote hao waliachwa kwenye mstari wa kugawana timu. Sababu ni nyingi. Lakini kila mtoto tunayemfundisha kwamba uwanja si mahali pake, tunamwongeza katika hesabu hiyo kwa mikono yetu. Na anachokikosa si jasho tu. Uwanjani ndiko mtoto anakojifunza kupoteza na kesho akarudi, kuudhiwa na asipigane, kumpa mwenzake pasi hata kama hampendi. Mafunzo hayo hayapatikani kwa kushika ndala.

Turudi nyumbani. Sisi tuna mashindano yetu, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Ni mashindano mazuri na yametuletea wachezaji wengi. Lakini utaratibu wake ni wa kuchuja: shule, kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Kila ngazi wengi wanabaki nyuma, na ndivyo mashindano yalivyo. Ubaya unaingia pale shule inapodhani kwamba kuandaa timu ya mashindano ndiyo kazi yote ya somo la michezo. Shule ina wanafunzi mia nane. Timu ina watu kumi na kidogo, na mpira uliopo ni mmoja. Hao kumi na kidogo wanacheza, na mia saba na themanini wanaimba nyimbo za kushangilia. Kisha tunasema shule ile ina michezo. Shule ile ina watazamaji.

Hapa mijini mambo yamezidi kuwa mazito. Kiwanja cha wazi tulichochezea chandimu leo kina fremu za maduka. Watoto wanaocheza rede na kombolela wanafukuzwa na honi za bodaboda. Mtoto wa mjini asipocheza shuleni, hana tena mahali pengine pa kuchezea. Zamani aliyeachwa na timu ya shule alikwenda kucheza mpira wa makaratasi mtaani na magoigoi wenzake, akapona. Siku hizi aliyeachwa anakwenda kukaa.

Ninajua kuna msikilizaji anayenung'unika hivi sasa. Anasema, "Huyu anataka tuwe taifa la washiriki, la watu wa kufurahi tu huku tunafungwa. Bila mchujo bingwa atatoka wapi?" Hoja hiyo ni ya haki na nitaijibu. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa ligi ya NBA mwaka 2009. Hakuanza kuushika mpira wa kikapu akiwa mtoto wa chekechea, bali alipokuwa tayari kijana. Sasa niambie, angechujwa akiwa na miaka tisa na kuambiwa ashike mashati, nani angejua? Anayetaka samaki mkubwa hutupa wavu mpana. Shule inayochezesha wengi ndiyo yenye nafasi ya kumwona bingwa, na hata asipopatikana, waliocheza wamecheza.

Basi tufanyeje? Sina mapya, ila haya machache hayahitaji fedha za wafadhili.

Mwalimu, ule utaratibu wa manahodha kuchagua mmoja mmoja uufute leo. Wapange watoto mstari, wahesabu moja mbili, moja mbili, wenye moja huku, wenye mbili kule. Dakika moja inatosha, na hakuna anayebaki peke yake akitazamwa.

Pili, shule iwe na timu nyingi. Darasa kwa darasa, mkondo kwa mkondo, hata timu ya nne na ya tano, na hizo za chini zicheze zenyewe kwa zenyewe. Timu mbovu ikikutana na timu mbovu mwenzake, hiyo nayo ni mechi, tena mara nyingi ina magoli mengi na vicheko vingi kuliko fainali.

Tatu, michezo si mpira tu. Anayeshindwa kupiga chenga huenda akaweza kuruka kamba, kuvuta kamba, kukimbia mbio ndefu za polepole, au kupeperusha bendera ya mshika kibendera. Mtoto apewe nafasi ya kuonja vingi kabla hajaamua kwamba mwili wake haufai.

Nne ni sisi wazazi. Mama yake Greg ana nia njema, na bila yeye kitabu kisingekuwepo. Lakini anasukuma. Kuna mstari mwembamba kati ya kumwambia mtoto "jaribu tena" na kumwambia "usiniaibishe". Watoto wanausikia mstari huo hata kama maneno ni yale yale. Ukienda kumtazama mwanao akicheza, kaa kimya kidogo. Kocha anaye tayari. Na mkirudi nyumbani, swali la kwanza lisiwe "mmefungwa ngapi?" Muulize kama amecheza, na kama alicheka.

Kabla sijamaliza, haki itendeke: kitabu hiki si msahafu. Greg ni mbinafsi, anamtumia rafiki yake vibaya, anakwepa kazi, na mara nyingi hapati funzo lolote kutokana na makosa yake. Wapo wazazi wasiopenda watoto wao wamsome. Mimi naona hakuna hatari, maana mtoto anayemcheka Greg amekwisha kumhukumu. Tena hadithi zetu za Sungura nazo hazikuwa na mhusika mwaminifu hata kidogo, na sisi tuliokua nazo hatukuwa wezi. Angalau si wote.

Linalonisikitisha ni jingine. Greg ana siku yake ya michezo, ana theluji yake na uwanja wake wa ndani wenye sakafu ya mbao. Na yule wetu je? Yule anayewekwa golini kwenye goli la matofali mawili, aliyevaa kiatu kimoja kwa sababu cha pili amemwazima mpiga penalti, anayefungwa halafu anaapa kwamba mpira ulipita juu ya goli, na goli lenyewe halina juu? Huyo yupo kila mtaa, kuanzia Manzese mpaka Mwembe Tayari. Waandishi wetu wa Kiswahili, mnaotuandikia mapenzi na uchawi, mtoto huyu anawangoja. Mkimwandika vizuri, watoto watagombea kitabu, na watasoma bila ya kuchapwa.

Wacheza karata wanalijua hili: garasa likiwa la turufu, hula karata kubwa. Hujui ni mchezo upi utakaolipa turufu garasa lako. Kesho jioni watoto wakitoka kucheza, hebu pita pale uwanjani utazame nani ameshika mashati. Kisha umwombe mwalimu ayashike yeye.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.